Mwenzako akisema "labda", anamaanisha nini?

Wapendanao wengi hugombana kwa ajili ya pesa, wakwe, au simu inayoita usiku wa manane. Kwetu, ugomvi mkubwa kuliko wote katika miaka minne ya ndoa ulitokana na neno moja dogo tu: labda. Usicheke, msomaji wangu. Soma kwanza.

Neno lenyewe lina mkasa wake. Tumelipata kutoka Kiarabu, na huko lilikotoka, la budda, maana yake ni "hapana budi", yaani ni lazima. Lilivuka bahari likiwa na uhakika wote, likafika pwani yetu likageuka kuwa shaka. Cha kuchekesha ni kwamba ndugu yake, "budi", alibaki na msimamo wake: ukisema "sina budi" bado unamaanisha huna njia nyingine. Na si sisi peke yetu. Kule Ufilipino, wazungumzaji wa Kisebuano walichukua neno la Kihispania seguro, lenye maana ya "hakika", wakalifanya siguro. Leo ukimwalika Msebuano harusini akajibu siguro, usimwekee sahani bado, maana amesema labda. Akitaka kukuhakikishia analo jingine, sigurado.

Mimi nina maelezo yangu ya kienyeji juu ya jambo hili. Watu wakiahidi "lazima" mara mia, halafu wasitokee, neno huchakaa kama noti iliyopita mikono mingi.

Sasa tuje nyumbani kwangu. Mimi ni mtu wa Tanga, mume wangu ni mtoto wa Ipinda, wilayani Kyela, kule ambako barabara ya kwenda Matema inapita katikati ya mpunga, migomba na miti ya kokoa. Tunaishi na kufanya kazi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 900 kutoka huko. Baba mkwe alipofariki, mama alibaki peke yake na mashamba. Kila akipiga simu, swali lilikuwa hilohilo: "Mnarudi lini nyumbani, mwanangu?" Na jibu la mume wangu halikubadilika: "Labda mwakani, mama."

Jibu moja, masikio matatu. Mama alisikia ahadi. Mimi nilisikia "hapana" iliyovalishwa nguo za heshima, maana mtoto aliyelelewa vizuri hamkatalii mzazi kwenye simu. Na mwenye kinywa je? Nilipombana usiku mmoja alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hata mimi sijui nilichosema."

Hapo ndipo tulipogombana kweli. Mimi nina kazi yangu, mtoto wetu anakaribia kuanza shule, na kumbe maisha yangu ya mwakani yalikuwa yananing'inia kwenye neno ambalo msemaji wake hajui maana yake!

Tulipotulia, tulifanya kitu cha ajabu kidogo kwa watu waliooana: tulichukua karatasi tukaanza kuyapanga maneno. Juu kabisa tukaweka hakika, yakini na bila shaka. Chini yake naamini, kisha nadhani. Chini zaidi huenda, pengine, yamkini na labda. Mwisho kabisa sijui. Hebu angalia yakini na yamkini. Yote mawili yametoka Kiarabu na kwa sikio la haraka ni pacha, lakini la kwanza ni uhakika mtupu na la pili ni "inawezekana" tu. Pengine na huenda ni ya kwetu, ya Kibantu, na yako wazi kuliko yote. Pengine ni mahali pengine, wakati mwingine, mambo yanaweza kuangukia kule. Huenda ni kitu ambacho huwa kinakwenda hivyo, ingawa hakijasema kama leo kitakwenda.

Ofisini Waingereza wanatusumbua kwa namna yao. Bosi akiandika probably, anaona jambo lina nafasi kubwa ya kutokea. Akiandika possibly, anasema tu kwamba si muhali. Sisi tukihamishia kwenye Kiswahili cha haraka, yote mawili tunayaita labda, halafu tunashangaa kwa nini wengine wamekuja kikaoni na wengine hawakuja.

Halafu kuna maneno ambayo hayakai ngazi yoyote: inshallah, panapo majaliwa, Mungu akipenda. Bibi yangu wa Tanga akisema inshallah, alikuwa ameshafunga mzigo, anamwachia Mungu yale yasiyo mikononi mwake. Fundi cherehani akisema "inshallah Ijumaa", wewe tafuta nguo nyingine ya kuvaa Jumamosi. Neno ni moja. Anayekujulisha maana ni mtu mwenyewe, na jinsi alivyotimiza mara iliyopita.

Desemba tulisafiri kwenda Ipinda. Mama alitupikia wali wa Kyela, ule unaonukia hadi kwa jirani, pamoja na samaki wa ziwani. Tulipomaliza kula, mume wangu alishukuru, ndaga fijo, kisha akakaa sawa. Aliongea Kiswahili ili na mimi nisikie kila neno.

"Mama, mwakani haturudi kuishi hapa. Hilo ni hakika. Kama tutarudi miaka ijayo, sijui, na sitaki kukudanganya. Ila mwezi wa sita nitakuja wiki mbili kwa ajili ya mavuno. Hilo nalo ni hakika, likizo nimeshaiomba."

Mama hakulia kama nilivyoogopa. Alinitazama mimi, akamtazama mwanawe, akasema taratibu: "Ungeniambia mapema, mwanangu, ningekodisha jaruba tangu msimu uliopita. Watu walikuja, nikawarudisha. Niliwaambia mwanangu anarudi."

Msomaji, sikiliza hizo nge mbili. Ndani yake kuna msimu mzima wa kodi uliopotea na ardhi iliyokaa bure, kwa sababu kijana alitaka kumwonea mama yake huruma. Mume wangu aliinamisha kichwa. Wiki ileile jaruba likapata mpangaji.

Tangu siku ile tumejiwekea utaratibu, na nautoa bure kwa wenzangu mlio kwenye uchumba au ndoa changa. Mwenzako akisema labda, usikasirike wala usishangilie. Muulize swali moja: "Labda ya kukosa jibu, au labda ya kuogopa kunijibu?" Ya kwanza inahitaji muda, basi mpangiane siku ya kuizungumza tena. Ya pili inahitaji usalama. Mtu akijua kwamba "hapana" yake haitaleta vita, ataisema. Na jambo likiwa la hakika, likae na tarehe. Ahadi ni deni, wazee walisema, na deni lisilo na tarehe hulipwa na nani?

Mtihani wetu haujaisha. Kwamba iko siku tutahamia Ipinda, mume wangu bado anasema hajui, na mimi sijui vilevile. Lakini sasa "sijui" yake naiamini, kwa sababu ile "hakika" ya mwezi wa sita aliitimiza. Alikwenda, akavuna, akarudi na mchele pamoja na ujumbe kutoka kwa mama: anauliza kama mwakani nitakuja na mimi.

Nimempigia mwenyewe. Nimemwambia nitakuja, na tarehe nimemtajia.