Milango ya Xiguan

Sisi tunaokwenda Guangzhou kutafuta mali tunaijua Xiaobei na madepo yake. Mji wenyewe hatuujui. Safari hii mzigo wangu ulichelewa kufungwa, nikabakiwa na siku moja ya bure. Nikapanda metro hadi Changshou Lu, nikaenda kwa miguu mpaka Enning Lu, katika Xiguan, kartie ya kale ya wafanyabiashara matajiri.

Kwenye barabara kubwa, ghorofa za nyumba zimetokeza juu ya njia ya watu, zimeshikwa na nguzo. Mvua inanyesha, wewe unatembea mkavu. Lakini ingieni vichochoroni. Chini ni mabamba ya mawe, kuta ni za matofali ya kijivu, na milango ndiyo iliyonisimamisha. Nyumba ya zamani ina mlango wa tabaka tatu. Wa kwanza ni mfupi, wa kuzuia macho ya wapita njia. Wa pili ni fito nene za mbao zilizolazwa, unausukuma kando. Wa tatu ndio mzito, wa kufunga usiku. Mchana wanaufunga ule wa fito peke yake: hewa inaingia, mwizi haingii, na mama mwenye nyumba anaona nani anapita. Kwa joto la kule, ni akili kweli. Sisi tunaweka antivole za chuma, tunafanana na wafungwa.

Sehemu inayoitwa Yongqing Fang ilitengenezwa upya na kufunguliwa mwaka 2016. Sasa ni mikahawa na vijana wanaopiga picha. Humo mna nyumba ya baba yake Bruce Lee, aliyekuwa mwigizaji wa opera ya Kikantoni. Bruce mwenyewe alizaliwa San Francisco mwaka 1940. Kabla ya matengenezo hayo nyumba nyingi za Enning Lu zilikuwa zimevunjwa, na wenyeji wengi walihama.

Nyuma kidogo ya maduka nilimkuta bibi mmoja ameketi nyuma ya fito zake, anachambua mboga. Nilimsalimu kwa simu inayotafsiri. Nikamuuliza kama hataki kuuza. Akacheka, akagonga ufito kwa kidole, akasema mume wake ndiye aliyeupaka mafuta kila mwaka. Halafu akanipa kiti.

Niliketi pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Tangu mama yetu afariki, ndugu zangu wanataka kuuza parseli yake ya Kadutu, na mnunuzi amekwisha kuja mara mbili. Mimi nilikuwa nimekubali, kwa kuwa franga zilihitajika kwa mali hii hii niliyoifuata Guangzhou.

Usiku nilimpigia kaka simu, nikamwomba asitie sahihi mpaka nirudi. Alinyamaza. Kisha akauliza mzigo unafungwa lini.