Dawa ya Ugonjwa, Si Dawa ya Unono

Jumapili moja nilipotoka kanisani hapa Kongolo, mama mmoja wa chama chetu alinishika mkono, akanitazama toka kichwani hata miguuni. Akasema, "Mwalimu, sasa umekuwa mtu! Bwana anakutunza kweli." Wamama wengine wakacheka kwa furaha, wakanipongeza. Nami nilicheka pamoja nao, nikanyamaza. Lakini kilo zile walizozisifu sikuzipata kwa chakula kizuri wala kwa raha. Nilizipata kwa kidonge, na kidonge kile nilikimeza kwa sababu mimi ni mgonjwa. Tena juma lile lile nilikuwa nikijiuliza kama niendelee nacho au nikiache.

Napenda kuwaeleza habari hii yote, maana naona wengi wetu tunapokea dawa kwa njia mbili tu: ama twaiogopa na kuitupa, ama twaipenda na kuigawa kama chumvi. Mimi nilikuwa karibu kufanya yote mawili.

Ugonjwa wangu ulianza pole pole. Mapajani na tumboni palitokea madoa madogo, meusi kuliko ngozi yangu. Hayakuuma. Lakini nilipoyasugua wakati wa kuoga yalivimba na kuwasha, kama nimepita katika upupu. Halafu zikaja siku za uso kuwaka moto ghafula, na tumbo kukata, na kuharisha pasipo kujua nimekula nini. Siku nyingine nilikula bukari na sombe ile ile waliyokula watoto. Wao wakaenda kucheza, mimi nikalala chini nimeshika tumbo.

Kila mtu alikuwa na jibu. Jirani alisema ni minyoo, nikanywa dawa ya minyoo. Mwingine alisema ni usubi, wale nzi wadogo weusi wa mto. Hilo halikuwa neno la kijinga, maana usubi huambukiza filaria inayowasha ngozi na kupofusha macho, na dawa yake, ivermektini, hutolewa bure na kampuni ya Merck tangu mwaka 1987. Nilimeza hiyo nayo, na madoa yakabaki palepale. Mama mkwe wangu alisema yuko mtu aliyenitupia jicho. Sikumdharau, maana ni mzee wetu na ananipenda. Lakini niliona kwamba nikianza kumtafuta mtu huyo, nitapata adui, na ugonjwa utabaki.

Basi siku moja ya kiangazi nilikuwa shambani kwenye mihogo, nyigu akaniuma mkononi. Kuumwa na nyigu ni jambo la kila siku kwa mkulima. Lakini sikuwahi hata kumaliza tuta nililokuwa nikilima. Midomo ilivimba, ulimi ukawa mzito, macho yakaingia giza, nikaanguka. Mume wangu na kijana wa jirani walinipakia juu ya baisikeli, mmoja anasukuma, mwingine ananishika. Hospitalini mwuguzi hakuuliza mengi. Alinilaza chali, akainua miguu yangu, akanipiga sindano ya adrenalini pajani. Nilipoweza kusema tena, alinionyesha madoa yangu, akasema, "Mama, usirudi nyumbani ukadhani mambo yamekwisha. Nenda ukaonane na mganga anayejua magonjwa ya ngozi."

Ndipo niliposafiri mpaka Kalemie, kwa gari la mizigo, kupitia Nyunzu. Mganga aliniuliza maneno mengi, kisha akachukua mpini wa kijiko, akasugua doa moja tu pajani mwangu. Tukangoja dakika chache. Doa likavimba na kuwa jekundu kando kando. Akasema, "Hii ni alama ya Darier, yule mganga Mfaransa wa ngozi." Akavuta kiti, akanieleza kama mwalimu anavyomweleza mtoto.

Alisema mwilini mwetu wako walinzi wadogo wasioonekana kwa macho. Wanakaa katika ngozi, katika njia ya pumzi na katika matumbo, yaani milangoni mwa mwili. Kila mlinzi amebeba vifuko vingi, na ndani yake mna histamini na vitu vingine vikali. Adui akiingia, mlinzi hufungua vifuko. Mishipa hupanuka, ngozi huvimba na kuwasha, tumbo hukimbia. Vikifunguliwa kwa kiasi, ni msaada. Lakini kuna watu ambao walinzi hao wamezidi hesabu, nao hufungua vifuko kwa jambo dogo: joto, kusuguliwa, nyigu, pombe, na kwa wengine hata aspirini. Ugonjwa huo huitwa mastositosi. Madoa yake yaliandikwa kwanza London mwaka 1869 na mganga Nettleship. Na walinzi wenyewe walipewa jina mwaka 1878 na Mjerumani Paul Ehrlich, alipokuwa bado kijana akiandika kitabu chake cha kumaliza masomo. Aliona seli zimejaa punje punje ndani, akadhani zimelishwa kupita kiasi, akaziita kwa neno la kwao la kunenepesha mifugo. Ni kama kusema, seli nono.

Aliniambia pia kwamba ugonjwa huu hauambukizi, wala hautoki kwa jicho la mtu. Mtoto akiupata katika ngozi, mara nyingi humwacha akikua. Mtu mzima akiupata, kwa kawaida hukaa naye, na inafaa kujua kama umeingia katika uboho wa mifupa. Kuna kipimo cha damu cha kutafuta kitu kiitwacho triptase, lakini damu ingepaswa kusafirishwa mbali. "Kwa sasa," akasema, "nitatibu yale yanayokusumbua. Dawa nitakazokupa hazitapunguza seli hizo. Zitazuia tu histamini isikutese."

Kwanza alinipa setirizini. Kuwasha kulipungua sana, lakini tumbo halikutulia. Ndipo tukafikiri juu ya dawa ya pili. Ketotifeni huwazuia walinzi wasifungue vifuko ovyo. Lakini huchukua majuma mengi kuonyesha nguvu zake, si vizuri kuikata ghafula, na kwetu kuipata kila mwezi ni bahati. Siproheptadini nayo hupigana na histamini, na husaidia tumbo. Hiyo yapatikana. Basi akaniandikia kidonge cha miligramu 4 kila usiku, akanionya, "Italeta usingizi, italeta na njaa."

Kumbe alisema kweli! Juma la kwanza nililala kama gogo. Asubuhi nilisimama mbele ya darasa kutoa imla, nikasoma sentensi, nikaisoma tena, nikaisoma mara ya tatu. Mtoto wa kiti cha mbele akainua kidole, akasema kwa adabu, "Mwalimu, hiyo tumeshaiandika." Njaa nayo ilinishika. Mimi niliyekuwa nikiacha bukari sahanini, sasa nilikuwa nakwangua chungu. Kwa miezi mitatu niliongezeka kilo 7. Lakini tumbo lilinyamaza. Muhula ule sikukosa hata siku moja shuleni.

Hapo ndipo mashaka yalipoanza. Mama yangu mzazi alikufa kwa ugonjwa wa sukari, nami nafahamu kwamba unono waweza kuufungulia mlango. Usiku mmoja mume wangu alichukua daftari la mtoto, akachora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja tukaandika mazuri: siku za kazi, usingizi usiokatizwa na kwenda msalani, uso usiowaka. Upande wa pili tukaandika mabaya: kusinzia, kinywa kukauka, njaa, kilo, na fedha. Mume wangu alitaka niache. Mimi nilitaka niendelee. Hatukupatana, tukalala.

Watu wengine nao walikuwa na shauri lao. Mmoja alinitaka niache vidonge niombe tu. Nilimjibu kwamba nafanya yote mawili, na kwamba katika kitabu cha Yoshua bin Sira, sura ya 38, mganga na dawa vyasifiwa kuwa ni vya Mungu.

Jibu la mashaka yangu lilikuja kwa njia nisiyoitazamia. Siku chache baada ya Jumapili ile ya pongezi, mdogo wangu alikuja kunitembelea na mtoto wake wa miezi minne mgongoni. Tulipokuwa tukichambua sombe, akasema kwa sauti ndogo, "Yaya, nigawie na mimi vidonge vyako. Unaona nilivyokonda. Shemeji yako ananicheka." Nikamwuliza amejuaje kidonge changu. Akafungua fundo la kitenge, akatoa karatasi ndogo aliyonunua sokoni. Ndani mlikuwa na vidonge vya namna mbili. Mwuzaji alimwambia kimoja ni cha kuleta njaa na kingine cha kujaza mwili.

Nilivitambua. Kimoja kilikuwa siproheptadini kama yangu. Cha pili kilikuwa deksametasoni.

Ndugu wasomaji, biashara hiyo mnaifahamu. Kinshasa na katika miji mingine ya nchi yetu, wanawake wengi hunywa dawa hizi pasipo mganga, wapate kunenepa. Tangu mwaka 1962 waganga wa Marekani waliandika kwamba watoto wenye pumu waliopewa siproheptadini walikula zaidi na kuongezeka kilo. Waganga waliiona kuwa dalili ya pembeni, masoko yakaifanya kuwa mali. Na deksametasoni ni dawa kubwa, huokoa watu ikitumiwa mahali pake. Lakini ikinywewa ovyo huufanya uso kuwa mviringo kama mwezi, hupandisha sukari na shinikizo la damu, hudhoofisha mifupa. Unono ule mara nyingi si nyama, ni maji na mafuta.

Nilimwambia mdogo wangu, "Wewe unanyonyesha. Siproheptadini haimfai mama anayenyonyesha." Akanitazama, akasema, "Mbona wewe unakunywa?"

Neno lile lilinichoma. Mbona mimi nakunywa? Nilipofikiri kumjibu, ndipo nilipojijibu mwenyewe. Mimi nakunywa kwa sababu kuna kitu cha kuzuia. Nikiacha, tumbo na ngozi hurudi kunitesa. Yeye hana kitu cha kuzuia. Aliye na jeraha hufunga kitambaa. Asiye na jeraha akijifunga kitambaa, anajibana damu bure. Kidonge ni kimoja, lakini kwangu kina kazi ya kulipia ubaya wake. Kwake ubaya unabaki peke yake, tena unaingia katika maziwa ya mtoto.

Nikaona pia kosa langu. Mdogo wangu alikuwapo pale mlangoni pa kanisa. Alisikia wamama wakinisifu, akaniona nikicheka na kunyamaza. Kunyamaza kwangu kulimsaidia mwuzaji wa sokoni kuliko maneno yake yote.

Sikumwambia avitupe vyote siku ile ile. Mtu aliyekunywa deksametasoni majuma mengi, akiikata ghafula, aweza kuanguka, maana mwili umezoea kupewa na umesahau kujitengenezea. Nilimchukua mkono kesho yake, tukaenda na karatasi ile kwa mwuguzi. Akamhesabia siku, akampima, akamwonyesha jinsi ya kuachana nayo. Akamwuliza pia anakula nini, na mara ngapi. Ilionekana kwamba mdogo wangu alikuwa akiwapa wengine kwanza, na kula yaliyobaki.

Mimi nami nilimpelekea mganga wangu habari za kilo zangu na za mama yangu marehemu. Tukapatana hivi: nusu ya kidonge badala ya kizima, nikinywe mapema jioni ili usingizi uishe kabla ya kengele ya shule. Setirizini iendelee. Kila mwezi nipande mizani, na baada ya miezi michache nipimwe sukari. Kama sukari itapanda, au kilo zitazidi, tutaiacha hata kama tumbo litalia, na tutatafuta njia nyingine. Mume wangu alikubali, maana sasa shauri lilikuwa na mwisho wake. Hesabu hii ni yangu mimi. Mwenye madoa kama yangu asiichukue, aende akapimwe apewe yake.

Na jambo moja tusilisahau: vidonge hivi havimwokoi mtu aliyeumwa na nyigu akaanza kuzirai. Hapo ni adrenalini na hospitali, pasipo kukawia. Ninabeba karatasi mfukoni yenye jina la ugonjwa wangu, na watu wa nyumbani wanajua la kufanya. Shambani siendi peke yangu tena.

Jumapili iliyofuata wamama wale walinisifu tena. Safari hii nilisema, "Asanteni, mama zangu. Lakini unono huu ni wa dawa, na dawa ni ya ugonjwa. Ningeweza kuwapa, ningewapa afya, si kidonge." Wengine walicheka wakidhani natania. Wakatawanyika. Mama mmoja alibaki nyuma. Alinivuta kando, chini ya mwembe, akaniuliza kama nina nafasi ya kuzungumza na binti yake.

Nilikwenda jioni ile ile.