Mfalme Bado Hana Mtoto

Kati ya kurasa za Kufikirika pana tiketi ya basi la Tanga. Wino umepauka, tarehe haisomeki tena, lakini mkunjo upo vilevile kama nilivyoukunja jioni ile niliposema nitaendelea kesho. Mfalme alikuwa akihangaikia waganga. Hakuwa na mtoto. Tangu hapo kesho nyingi zimepita, nimehama nyumba tatu, na mfalme bado hana mtoto.

Kitabu nilipewa na mjomba, mwalimu wa Kiswahili aliyekuwa amestaafu. Ilikuwa nakala yake mwenyewe, imechakaa pembe kwa kushikwashikwa. Alinikabidhi kwa mikono miwili, kama mtu anayepokeza kitoto kichanga, akasema, "Ukimaliza, njoo tuzungumze."

Sikumaliza. Na hakiko peke yake rafuni. Ipo Nagona ya Kezilahabi, nyembamba kama daftari la mtoto. Nimeifungua mara nne, na mara nne nimerudi nyuma kama aliyechungulia chumba chenye giza. Ipo Vuta N'kuvute, ambayo rafiki zangu huitaja kwa macho ya kung'aa, nami hutikisa kichwa pamoja nao. Kila kimoja nilikitaka kwa moyo safi. Nilipokuwa nikivileta nyumbani, nilikuwa nikiziona na jioni zake: taa, mkeka, mvua juu ya bati. Jioni hizo zilikwenda wapi? Nani alizitumia, kama si mimi?

Sidhani kama mwandishi ananidai. Shaaban Robert aliandika Kufikirika katika miaka ya 1940. Akafariki 1962. Kitabu kikatoka 1967. Hakuwahi kukishika, wala kusikia harufu ya karatasi yake, wala kumwona mtu hata mmoja akikisoma kwenye kiti cha basi. Alikufa na mswada wenye miaka mingi, neno lililosemwa ambalo halijasikika. Kama kuna aliyeijua subira ya kitabu, ni yeye.

Basi deni hili, kama ni deni, ni la nani?

Mjomba aliniuliza mara moja tu. Tulikuwa barazani, magharibi imeshasaliwa, kahawa iko mbele yetu. "Mwisho umeuonaje?"

"Mzuri, mjomba. Mzuri sana."

Akanitazama. Akakizungusha kikombe taratibu juu ya kisahani chake, mzunguko mmoja, kisha wa pili. Halafu akaanza kuzungumza habari za mvua. Hakuniuliza tena mpaka anaingia kaburini, na mimi miaka yote hiyo nilidhani nimepona mtihani.

Alipofariki tulimsomea khitma. Juzuu 30 ziligawiwa, kila mtu na yake, na sauti zikapanda pamoja kama nyuki mzingani. Kabla ya alasiri Msahafu mzima ulikuwa umekwisha. Lugha yetu inajua kusoma kwa ajili ya mtu: tunamsomea mgonjwa, tunamsomea maiti, tunasomea na nyumba mpya. Midomo yangu ilikuwa ikienda, na moyo ukaniuliza: huyu ulishindwaje kumsomea kitabu kimoja akiwa hai? Siku ile tulimaliza kwa sababu tulikuwa wengi. Rafu yangu nitamgawia nani?

Watu hunambia bado kuna muda, nikisome sasa. Labda. Lakini nikikisoma leo, atakayekisoma si yule aliyepewa. Yule alikuwa kijana, hajazika mtu, na neno lolote lingeweza kumgeuza njia. Kuna ukurasa uliokuwa ukimngoja pale, huenda ungemtuliza, huenda ungemtia wazimu, nami sitajua kamwe alikosa nini. Tunawalilia waliokufa. Je, yule ambaye hakutokea, ambaye angekuwa mimi, analiliwa wapi?

Juzi usiku nilikitoa rafuni. Mdudu wa karatasi amekula mshono, na uzi umening'inia. Sikufungua penye tiketi, niliona haya. Nikaanzia nyuma, nikipindua kurasa bila kusoma, kama mtu apitaye nyumba ya watu macho chini.

Ndipo nikaiona penseli. Mistari myembamba pembeni, yake, ya mkono ule uliosahihisha madaftari miaka na miaka. Inafuatana ukurasa kwa ukurasa hadi karibu na mwisho, na pale karibu na mwisho hakuna mstari. Kuna kiulizo. Kimoja, kimekolezwa, kimerudiwa juu ya kingine kilichofutika, hata karatasi imeanza kutoboka.

Nimekaa na kiulizo hicho siku ya tatu sasa. Kumbe barazani pale hakuwa akinipima. Kulikuwa na jambo hakulielewa, amelizunguka miaka mingi, akampa mtoto wa dada yake kitabu ili apate wa kulizungumza naye. Aliuliza kwa sababu alikuwa hajui.

Maneno yaliyo mkabala na alama ile sijayasoma. Nimeyafunika kwa kidole gumba. Kabla yake kuna mfalme, kuna waganga, kuna kurasa zote nilizosema nimezipita. Na tiketi ya Tanga ipo palepale, si mbali na mwanzo.