Mwani Usio na Mizizi



Jumamosi moja, hapa Mangina, niliwafundisha watoto wa katekesi kwamba Mkristo ni mti wenye mizizi mirefu. Binti mmoja, ambaye jamaa yake imekimbia kijiji chao, akainua mkono: «Mwalimu, na sisi tuliong'olewa?» Mimi niliyesomea ualimu nilikosa jibu.

Juma lile lile, tukiwa walimu ukumbini, jenereta ikinguruma nje, tulitazama filamu ya mwaka 2020 juu ya Craig Foster wa Afrika Kusini. Kwa muda wa karibu mwaka mzima alipiga mbizi katika bahari ya baridi ya Rasi, bila mtungi wa hewa wala vazi la mpira ambalo wapiga mbizi wengi hulivaa katika maji yale. Alimfuata pweza, mimi nilitazama msitu. Ni mwani mrefu, wenye kuweza kupita mita 10, uliosimama majini kama miti. Bua lake lina uwazi wenye gesi, nayo huliinua kuelekea mwangani. Nilisoma baadaye kwamba sili, wanyama wa bahari wanyonyeshao watoto wao, hupata kimbilio ndani yake papa mweupe anapowawinda.

Tena nilisoma jambo lililonishangaza: mwani huo hauna mizizi. Chini una kishikio tu, kama ngumi ya vidole vingi, kilichokumbatia mwamba. Hakinyonyi chakula humo. Kazi yake ni kushika. Chakula hutengenezwa na majani, kwa mwanga na maji yanayoyazunguka.

Jumamosi iliyofuata niliuchora ubaoni. «Huu hauna shamba,» nikasema, «lakini una mwamba.» Zaburi nazo humwita Mungu hivyo.

Binti yule akauliza: «Na wimbi likizidi nguvu?»

Sikutaka kumdanganya. Nikamwambia: «Mwanangu, dhoruba huung'oa. Lakini wakati mwingine hukutwa ufukoni ukiwa bado umeshika jiwe lake.»

Alinyamaza kitambo, kisha akaomba chaki. Chini ya mwani wangu, ndani ya vile vidole, akachora jiwe.

Ndugu zangu, tangu siku ile sisemi juu ya mizizi kabla ya kuangalia ni nani ameketi mbele yangu.