Nani Aliye Tayari?

Jioni moja, baada ya mazoezi ya kwaya, kijana mmoja wa usharika wetu hapa Wasso alibaki nyuma. Ni fundi ujenzi, anaimba besi. Kwa miaka minne alikuwa akinyanyua vyuma nyuma ya nyumba ya mama yake: bomba moja na makopo mawili ya rangi yaliyojazwa zege. Alituamkia, akasita, kisha akasema, "Baba Mchungaji, Arusha kuna mashindano ya kutunisha misuli. Sijawahi kushindana. Je, niko tayari?"

Tulimjibu upesi mno. "Bado, mwanangu. Subiri kwanza."

Hatukumwambia asubiri nini. Ukweli ni kwamba hatukuwa tumeifikiria misuli yake hata kidogo. Tulikuwa tukiwaza siku ambayo wazee wa kanisa wangeona picha ya mwanakwaya wao akiwa jukwaani na kaptura tu, mwili umepakwa mafuta, watu wakishangilia. Tulijiogopea sisi wenyewe, tukaiita hofu hiyo hekima.

Yeye alilichukua neno letu kama agizo. Akadhani kilichobaki ni kukonda zaidi ili misuli ionekane. Akaacha ugali, kisha maziwa. Mwishowe akapunguza hata maji, huku akibeba tofali juani mchana kutwa. Kila alipojitazama kwenye kioo alisikia lile "bado" letu. Jumamosi moja alianguka katikati ya wimbo. Tulimkimbiza hospitali, tukakaa kando ya kitanda tukitazama dripu. Mama yake alituuliza, bila hasira, "Mchungaji, mlimwambia afikie wapi?"

Hatukuwa na jibu.

Alipopata nafuu tulianza kuuliza, jambo ambalo tungelifanya mapema. Mwalimu mmoja wa mazoezi alitueleza kwa simu kwamba kazi hii ina vipimo vyake. Asiyejenga misuli kwa miaka kadhaa hana cha kuonyesha hata akikonda. Mafuta ya mwili hupunguzwa polepole, kwa miezi mitatu, minne au zaidi. Mtu wa kilo 70 anatosheka kupungua nusu kilo hivi kwa wiki. Mayai, maharage, nyama na maziwa havikimbiwi, wala maji hayaachwi. Mikao ya jukwaani hufanyiwa mazoezi kwa wiki nyingi, kwa sababu mwamuzi huona kile tu unachojua kukionyesha. Na kabla ya yote, mtu apimwe na daktari.

Tulisoma pia habari za Eugen Sandow, aliyeandaa mashindano makubwa ya kwanza ya aina hii mjini London, tarehe 14 Septemba 1901. Waamuzi wake hawakutakiwa kutazama ukubwa wa misuli peke yake. Ulinganifu wa mwili na afya ya mtu navyo vilihesabiwa. Kwa kipimo hicho, kijana wetu pale kitandani alikuwa mbali zaidi na jukwaa kuliko siku aliyotuuliza.

Lakini vipimo navyo havimalizi swali. Jirani zetu wa Karatu wana mfano mzuri. Filbert Bayi, mzaliwa wa huko, alikwenda kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972 akiwa na miaka 19, akaishia kwenye mchujo. Tarehe 2 Februari 1974, Christchurch, New Zealand, aliweka rekodi ya dunia ya mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.16. Kama angengoja awe bingwa ndipo ashindane, angejifunzia wapi ubingwa?

Sisi Walutheri tulipaswa kulijua jambo hili tangu darasa la kipaimara. Katika Katekisimo Ndogo, Luther anauliza ni nani anayeipokea Sakramenti ya Altare kwa kustahili. Anakubali kwamba kufunga na kuuandaa mwili ni desturi njema ya nje. Lakini aliye tayari kweli, anafundisha, ni yule anayeliamini neno la Bwana kwamba alijitoa kwa ajili yake. Tumelifundisha hilo miaka mingi. Hata hivyo, kila Meza ya Bwana inapoandaliwa tunawaona washarika wanaobaki kwenye benchi, wakisema hawajawa tayari. Baadhi yao wamebaki hapo kwa sababu ya "bado" tuliyowapa sisi, na hatukuwaambia mwisho wake.

Hatusemi jukwaa la misuli ni sawa na Meza ya Bwana. Jukwaani mtu hupimwa, na ni haki apimwe. Mezani amekwisha kupokelewa. Anayejua kwamba amepokelewa anaweza kupimwa na watu bila kujiangamiza.

Mwaka uliofuata kijana alirudi na daftari: uzito wa kila wiki, chakula cha kila siku, na karatasi ya daktari. Hakuuliza tena kama yuko tayari. Aliomba tumwombee. Wazee wawili wa kanisa walikuwepo, na mmoja akamwuliza hiyo kaptura ina urefu gani. Tukacheka wote, kisha tukamwekea mikono. Alikwenda Arusha, hakupata medali, na Jumapili alikuwa mahali pake, akiimba besi. Mama yake alituambia kwamba usiku ule aliporudi alikula ugali sahani mbili.

Mpendwa msomaji, huenda yupo mtu anayekungoja umwambie kama yuko tayari: kubatizwa, kuoa, kuongoza ibada, au kushindana. Ukimwambia "bado", mwambie na kipimo. Kama kipimo huna, jiulize kwanza hofu hiyo ni ya nani. Bwana atusaidie tusiwafungie wenzetu milango ambayo Yeye amekwisha kuifungua.