Mlango Unaoelekea Bahari: Mbao, Mafuta na Jua la Kilwa hadi Lindi

Mgeni afikaye Kilwa Kisiwani huona mawe. Huona matao ya Msikiti Mkuu, kuta za Husuni Kubwa juu ya jabali na ngome ya Gereza karibu na ufukwe. Kisichoonekana ni mbao. Ibn Battuta alipofika hapa mwaka 1331, zama za Sultani Al-Hasan bin Sulaiman, aliusifu mji huu kwa uzuri na uimara wa majengo yake, akataja ujenzi wa miti na mvua nyingi. Leo miti hiyo imeacha alama tu: matundu ukutani yalipokuwa maboriti ya dari, na nafasi tupu palipokuwa miimo ya milango. Jiwe la matumbawe limestahimili karne nyingi. Mti umekwenda zake.

Ushahidi huo wa kimya unamhusu kila mwenye nyumba katika pwani hii, na kila kamati ya msikiti yenye mlango, dirisha au baraza ya mbao. Mti uliowekwa nje mbele ya bahari hupigana na maadui wanne kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni jua, ambalo huvunja kile kinachozishikamanisha nyuzi za mti, uso wake ukageuka wa kijivu na kuchakaa. Wa pili ni maji: mbao hulowa na kuvimba, kisha hukauka na kusinyaa, mpaka ipasuke. Wa tatu ni chumvi, inayovuta unyevu wa hewa na kuozesha misumari. Wa nne ni viumbe: ukungu, mchwa na duduvule.

Ukitoka Dar es Salaam, barabara ya kusini huvuka mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, na baada ya safari ya takriban kilomita 300 unaingia Kilwa. Katika njia panda ya Nangurukuru, mkono mmoja hushuka pwani kuelekea Kivinje na Masoko, na mwingine huendelea kusini hadi Lindi. Kivinje, mji uliostawi katika karne ya 19 kwa misafara ya bara, ni darasa la wazi kwa anayetaka kujifunza habari za mbao. Nyumba zake za kale zina vyumba vyembamba, kwa kuwa upana wa chumba ulitegemea urefu wa boriti ya mkoko iliyobeba dari. Pale paa lilipotunzwa, boriti ingali imara. Pale paa lilipovuja, boriti imeoza, dari imeshuka, na ukuta umefuata. Mara nyingi nyumba ya mawe huanza kufa kwenye mti wake.

Mabaharia wa pwani hii hawakungoja maduka ya rangi ili wajue hayo. Kwa karne nyingi jahazi na mashua zimepakwa sifa, yaani mafuta ya maini ya papa, katika mbao zilizo juu ya maji. Chini ya mkondo wa maji hupakwa deheni, mchanganyiko wa shahamu na chokaa, ili kuzuia funza wa baharini watobowao mbao. Bamvua linapotoka na chombo kikakaa mchangani, mafundi hukisugua, hukipitishia moto wa makuti kuwaua wadudu, huziba nyufa kwa kalafati, kisha hupaka upya. Lililo muhimu katika desturi hiyo ni kurudia. Hakuna nahodha aliyepaka sifa mara moja akadhani amemaliza.

Hata hivyo, si kila kifaacho baharini hufaa barazani. Sifa ina harufu kali isiyotoka upesi. Ikiwa aliyekula kitunguu saumu ameaswa asiukaribie msikiti kwa ajili ya harufu, basi mlango wa msikiti hauwezi kupakwa mafuta yanayowakera wenye kuswali.

Lindi na jirani yake Mtwara ni nchi ya korosho, na ganda la korosho lina mafuta meusi mazito ambayo mchwa hawayapendi. Ni kinga nzuri kwa nguzo ya ua na ncha ya mti inayoingia ardhini. Lakini yakiwa mabichi huunguza ngozi, na kwa hiyo hayafai mlango unaoguswa na watoto. Mafuta ya nazi na ya ufuta, ingawa yanapatikana kila soko, nayo hayafai: hayakauki yakawa magumu, bali hunata, hukusanya vumbi na kuvunda. Oili chafu ya gari, ambayo wengi huipaka kwa kuwa ni rahisi, ina masizi na madini yenye sumu. Isikaribie kisima, bustani, wala kizingiti anachotambaa mtoto.

Dukani kuna njia mbili kubwa. Ya kwanza ni vanishi, inayoweka ngozi ya kung'aa juu ya mti. Hupendeza siku ya harusi, lakini katika jua la pwani ngozi hiyo hupasuka, maji huingia chini yake na hayapati pa kutokea, na mti huoza ukiwa umevikwa nguo nzuri. Anayeikarabati lazima aikwangue yote. Ya pili ni mafuta yanayokauka, kama ya kitani, au rangi ya mbao ya kupenya, ambayo huingia ndani ya nyuzi na kumwacha mti apumue. Hayapasuki, hufifia tu, na kuyarudia ni kusafisha na kupaka. Kwa mlango unaoelekea bahari, hii ya pili ndiyo bora. Ichaguliwe yenye rangi ya hudhurungi au nyekundu ya udongo, kwa sababu ni chembe za rangi zinazozuia jua. Mafuta meupe yanayoonyesha mti mtupu hulinda kwa muda mfupi.

Wakati nao una hukumu yake. Kazi hii ifanywe katika miezi mikavu ya kusi, kati ya Juni na Oktoba, mti ukiwa umekauka barabara. Kwanza oshwa kwa maji baridi ya kisima ili kuondoa chumvi, kisha ukauke kwa siku kadhaa, ndipo upigwe msasa. Rangi ya zamani isipigwe msasa mkavu karibu na watoto, kwani huenda ina risasi. Anza kwenye ncha za mbao na ukingo wa chini wa mlango, maana huko ndiko maji hunywewa zaidi. Paka tabaka nyembamba mbili au tatu, na kila mara futa mafuta yaliyobaki juu kabla hayajanata. Matambara yenye mafuta ya kitani yasikunjwe na kutupwa pembeni: yanaweza kushika moto yenyewe. Yatandazwe nje yakauke, au yalowekwe majini.

Mti wenyewe uchaguliwe kwa busara. Mkongo, mvule, mninga na msaji huvumilia. Paini ya nyanda za juu huhitaji kutiwa dawa kiwandani. Na mabaki ya mbao zenye dawa yasiwe kuni za jikoni, kwa kuwa baadhi ya dawa hizo zina aseniki, na moshi wake ni sumu. Misumari iwe ya shaba au ya chuma kisichopata kutu.

Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilichokata barabara ya kusini kilitukumbusha kwamba hali ya hewa ya pwani hii haina huruma kwa kilichoachwa bila matunzo. Kipimo cha kujua wakati wa kupaka ni rahisi: nyunyiza maji juu ya mlango. Yakisimama kama lulu, kinga ingalipo. Yakinywewa, wakati umefika. Upande wa bahari kwa kawaida huhitaji kupakwa kila mwaka. Upande wa kivuli unaweza kungoja zaidi.

Kwa nyumba ya mtu, hiyo ni hesabu ya mali yake. Kwa mlango wa msikiti au wa madrasa, uliotolewa wakfu na mtu ambaye huenda yuko kaburini, ni hesabu ya amana. Kopo moja la mafuta na asubuhi mbili za vijana wa mtaa kila mwaka ni gharama ndogo kuliko kuchangisha mlango mpya, na kamati inaweza kuiandika katika bajeti yake kama inavyoandika maji na umeme. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Na Kilwa Kisiwani imekwisha kutuonyesha jinsi ukuta unavyobaki bila mlango.