Mama Yake Anakujua?

Katikati ya miaka ya 1970 baba yangu, karani wa wizara, alipewa fleti ya Msajili wa Majumba pale Upanga. Jengo lile lilikuwa la familia moja ya Kihindi hadi mwaka 1971, serikali ilipotaifisha nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Aliyelijenga akabaki ghorofa ya pili, akilipa kodi kwa Msajili kama sisi wa ghorofa ya chini. Nilikuwa mdogo mno kuelewa jinsi jambo hilo lilivyomuuma. Nilichokijua ni kwamba alikuwa na wajukuu wa rika langu, nao walikuwa hodari wa kombolela.

Wakoloni walikuwa wameigawa Dar es Salaam kwa rangi: Wazungu Oyster Bay, Wahindi katikati ya mji na Upanga, Waafrika Kariakoo na Ilala, na Mnazi Mmoja ikaachwa wazi kama mpaka. Kizazi chetu ndicho cha kwanza kulala chini ya paa moja. Tulijifunza kuhesabu kwa Kigujarati, wao wakajifunza rede. Lakini wasichana wao walipovunja ungo, ngazi zilinyamaza. Hawakushuka tena uani. Tuliwaona wakiingia kwenye gari na wazazi wao jioni, kwenda kupunga upepo baharini.

Kaka yangu alisoma Tambaza, shule iliyokuwa ya Aga Khan kabla ya kutaifishwa. Alimpenda msichana wa ghorofa ya pili, naye akapendwa. Walikuwa wakionana juu kabisa, penye kamba za nguo, na barua zao nilizipeleka mimi, nimezifumbata kama senti za dukani. Walikuwa na miaka kumi na saba hivi. Habari zilipofika kwa wazazi wake hapakuwa na ugomvi wowote, hata sauti haikusikika. Msichana hakungoja mtihani. Alipelekwa kwa ndugu zao Leicester, Uingereza, na dirisha lake likawekwa pazia zito.

Baba hakumpiga kaka. Alimketisha sebuleni akamwambia, "Mwanangu, wale watu wana hofu. Usiwe wewe sababu nyingine ya hofu yao." Maneno yale niliyaelewa baadaye. Mwaka 1970, kule Zanzibar, wasichana wenye asili ya Iran walilazimishwa kuolewa na wakubwa wa serikali, nao walikuwa wadogo na wazazi wao hawakuwa na pa kukimbilia. Miaka miwili baadaye Idi Amin akawapa Waasia wa Uganda siku 90 kuondoka. Kwa familia ya ghorofa ya pili, kijana wa Kiafrika aliyesimama na binti yao penye kamba za nguo hakuwa kijana tu. Nyuma yake waliona bunduki na meli. Haikuwa haki kwa kaka yangu, ambaye hakuwa na lolote ila mapenzi na mwandiko mzuri, lakini naamini kwa moyo wote kwamba hofu ile ilikuwa ya kweli.

Na bado tulikwenda sinema pamoja! Filamu kama *Bobby* ya mwaka 1973, kijana wa Kihindu na binti Mkristo wanapendana na wazazi wanakataa, zilijaza ukumbi. Wahindi na Waswahili walilia katika giza moja, wote wakiwaombea wale wapenzi wawili. Taa zikiwaka kila mtu alirudi kwao. Sheria nayo ilikuwa imeshafungua mlango: mwaka uleule wa 1971 nchi ilipata Sheria ya Ndoa, iliyoruhusu watu wa dini mbalimbali kuoana bomani kwa hiari yao. Sikumwona jirani yetu yeyote akiutumia mlango huo.

Sitaki kusema kwamba hofu ilikuwa ya upande mmoja. Kwetu ilikuwepo pia, na ilikuwa ya mabinti. Shangazi yangu mmoja, Tabora, alizaa na mwenye duka. Mtu yule alimpenda, nadhani, lakini alimpenda nyuma ya duka. Mkewe alipofika kutoka Gujarat, shangazi alipewa fedha na doti za khanga, basi. Mtoto akaitwa chotara kila alikopita, wala hakuna siku aliyoingia kwa baba yake kwa mlango wa mbele. Simulizi za namna hiyo zilijaa katika miji ya bara, na kila mama mwenye binti alizibeba. Mimi pia nilizibeba nilipoolewa na kurudi kuishi katika fleti ileile, ambayo Msajili alikuwa ameiacha mikononi mwa Shirika la Nyumba.

Miaka ya 1990 ilitutikisa. Mwaka 1993 Mchungaji Christopher Mtikila alihutubia akiwashutumu Wahindi, aliowaita "magabacholi", na mawe yakarushwa kwao mjini. Jirani zetu walifunga maduka. Mume wangu aliwapakia watoto wao pamoja na wa kwetu akawapeleka shule, na jioni akawarudisha. Hatukulizungumza sana jambo hilo, lakini nafikiri ndilo lililobadilisha zaidi kuliko hotuba zote za umoja nilizowahi kuzisikia. Mtu aliyekukabidhi mwanawe siku ya mawe hawezi kukutazama tena kama mgeni.

Watoto wetu wakasoma pamoja katika shule za binafsi zilizochipuka miaka ile. Walipokuwa vijana, simu ilifanya kazi niliyokuwa nikiifanya mimi ya kupeleka barua, na hakuna mzazi aliyeweza kuiona ikipita. Binti yangu alipotimiza miaka kumi na tisa aliniambia mwenyewe, jikoni, kwamba yeye na kijana wa ghorofa ya pili wako pamoja. Swali langu la kwanza halikuhusu dini wala rangi. Nilimuuliza, "Mama yake anakujua?"

"Ananijua, mama. Yeye ndiye aliyemwambia aje kukusalimia."

Kijana alikuja Jumamosi, akavua viatu mlangoni, akasema, "Shikamoo, anti," kwa Kiswahili cha Upanga kisicho na doa. Mume wangu alimhoji kuhusu masomo, kisha kuhusu Yanga, na hilo la pili lilichukua muda mrefu zaidi. Tukaweka taratibu zetu: kukaa sebuleni, kurudi kabla ya saa tatu usiku, na mama wawili kuwa na namba za simu. Mama yake alizikubali zote akaongeza ya kwake: binti yangu apande kumwamkia bibi yao, waliyemwita Ba.

Hapo ndipo nilipokuwa na wasiwasi. Ba alizaliwa Tabora, mji wa kisa cha shangazi yangu. Alimshika binti yangu mkono akamuuliza ukoo wa mama yake ni upi, akaufahamu, akaanza kutaja majina ya watu wa sokoni wa zamani. Hakumkumbatia. Hakumfukuza pia. Alimpa chai, katika vikombe vya wageni. Shangazi mmoja wa kijana alisema maneno mabaya kuhusu nywele za binti yangu, na vijana wa Coco Beach waliwazomea zaidi ya mara moja. Binti alinisimulia yote hayo akiwa na hasira. Nilishukuru kwamba alikuwa na hasira na si aibu.

Hawakuoana. Kijana alikwenda kusoma Malaysia, simu zikapungua, kila mmoja akapata marafiki wapya. Binti yangu alilia kama wanavyolia wasichana wote wa umri ule, na mama wa kijana alishuka kumwangalia. Wengine walisema, "Si tuliwaambia?" Mimi niliona kinyume chake. Kaka yangu alitenganishwa na mtu aliyempenda, na hadi leo, mzee mwenye wajukuu, akipita pale hutazama ghorofa ya pili. Binti yangu na kijana wake waliachana wenyewe, kwa sababu zao, bila mtu kupandishwa ndege.

Lakini kazi haijaisha. Kijana wa Kihindi kumleta binti wa Kiafrika nyumbani ni jambo moja. Binti wa Kihindi kumleta kijana wa Kiafrika bado ni mlima. Mwanangu wa mwisho yuko chuo kikuu, na msichana wake ni wa jamii hiyo, wa mtaa mwingine. Nilimuuliza lile swali langu. Akajibu kwamba mama anamjua, baba hajaambiwa. Nimemwambia asimlazimishe msichana kuharakisha, ila asikubali kufichwa mwaka mzima. Na siku baba huyo akitaka kuuliza sisi ni watu gani, mume wangu yuko tayari kwenda.